Matembezi na Mama Mkwe

Mama Godelieve alifika Kolwezi mazishi ya binti yake yakiwa yamekwisha. Lori lililomchukua kutoka Kasaji liliharibika njiani, akalala juu ya magunia ya mihogo pamoja na abiria wengine, na aliposhuka mbele ya nyumba ya mkwe wake alikuta viti vya kukodi vinapakiwa kwenye mkokoteni na wanawake wanasugua sufuria. Hakupiga kelele. Aliuliza Falonne amelazwa upande gani wa makaburi, wakamwonyesha kwa kidole, akaketi mkekani, akavua viatu.

Mwenze, mume wa marehemu, alimwona kutoka dirishani na hakutoka. Haukuwa utovu wa adabu. Kwa watu wao, Waluba wa kaskazini mwa Katanga, mwanamume na mama mkwe wake hawali pamoja, hawaketi pamoja, wala hawatazamani usoni. Wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Mambo hayo huitwa buko, na Mwenze alikuwa ameyashika tangu siku alipooa. Kila alipokwenda Kasaji kusalimia, yeye aliinamisha kichwa na mama yule alizunguka nyuma ya nyumba. Miaka yote ya ndoa, maneno waliyokuwa wameambiana yangehesabika kwa vidole.

Matanga yalipokwisha watu walitawanyika, mama akabaki. Alisema atamngoja mwanawe Mukalay aje kumchukua akimaliza kuvuna. Basi wakaishi hivyo, watu wawili katika nyumba moja wakipishana. Mwenze akiingia kwa mlango wa mbele, mama alitoka kwa mlango wa nyuma. Alimpikia bukari, ugali wa kwao, akaifunika mezani, akaenda zake. Mwenze alikula kidogo, akafunika tena. Jikoni hakuingia. Ndiko Falonne alikoanguka akimenya viazi. Damu ilipanda kichwani, na kabla hawajafika hospitali alikuwa amekwisha kwenda. Hawakuwa wamejaliwa mtoto.

Watu walimngoja Mwenze alie, naye pia alikuwa akijingoja. Kifua chake kilikuwa kama shavu lililopigwa sindano na daktari wa meno: unajua liko, ukiligusa unaligusa, lakini halikujibu. Alirudi kazini kwa Djafari, mfanyabiashara mwenye malori, ambako yeye ndiye aliyeandika mizigo inayoingia na kutoka. Akaandika lori moja mara mbili, na jingine akalisahau kabisa. Djafari alimwita pembeni.

"Ndugu yangu Mwenze, mi sikufukuze," akamwambia. "Lakini ukifika mchana wende kupumuzika. Kichwa yako bado haiyarudia."

Alisema kweli. Mwenze akavaa koti, akaondoka.

Siku hiyo alimkuta mama mkwe anatoka langoni, amejitanda kitenge, anakwenda. Hakusema anakwenda wapi, na Mwenze asingeweza kumuuliza. Lakini barabara kuu ilikuwa imejaa malori ya migodi, na mama hakuujua mji. Akamfuata kwa mbali, ng'ambo ya pili ya barabara, kama mtu mwenye safari yake.

Mama aliacha barabara kuu, akakata kushoto, akaingia mtaa wa nyumba za zamani, zile walizojengewa wakubwa wa mgodi enzi za Wabelgiji. Kule njia ni pana na miti ya jakaranda imezeeka. Nyumba zina baraza ndefu mbele, mapaa ya mteremko mkali, na mabomba ya moshi ya matofali, kwa sababu wenyewe waliogopa baridi ya Juni. Mwenze alikuwa amepita pale maisha yake yote bila kuangalia. Mama Godelieve alisimama mbele ya nyumba moja ya madirisha madogo, akaitazama sana, kisha akasema, bila kumgeukia mtu:

"Hii nyumba inakunja uso."

Mwenze naye akasimama. Akaitazama. Kweli ilikuwa imekunja uso. Hakujua mdomo wake ulifunguka vipi.

"Lakini baraza yake iko muzuri," akauambia mti uliokuwa mbele yake.

Mama akaikagua baraza. "Baraza iko muzuri," akakubali, akaendelea kutembea.

Ndivyo walivyoanza. Kila alasiri mama alitoka, na Mwenze akatoka nyuma yake, huyu upande huu, yule upande ule, na katikati magari na mavumbi. Hawakuzungumza wao kwa wao. Walizungumza na nyumba. Kulikuwa na moja yenye dirisha la duara, ambayo mama aliiita ya jicho moja, na kila walipopita aliiamkia. Kulikuwa na nyingine iliyogawanywa kwa familia kadhaa, milango imetobolewa ukutani popote, kila mlango na kufuli lake. "Hii balimuchosha," mama alisema, na Mwenze akasema, "Lakini haiyaanguka." Nyingine ilikuwa imenunuliwa na tajiri mmoja aliyeibandika vigae vinavyong'aa mpaka juu. Mama aliipita haraka, kama mtu aliyekutana na jirani aliyelewa.

Mwenze hakuweza kusema kwamba alifurahi. Alikuwa akitembea tu, na macho yalipata kazi. Usiku alipolala, badala ya sakafu ya jikoni, aliona madirisha, na madirisha hayakumuuma.

Nyumba waliyoirudia zaidi ilikuwa mwisho wa mtaa, upande wa kuelekea mashimo ya mgodi wa Musonoi. Baraza yake ilizunguka pembe mbili, sakafu ilisuguliwa kwa nta nyekundu, na bomba la moshi lilisimama wima kama siku lilipojengwa. Kuta zilikuwa na nyufa zilizozibwa kwa saruji, ufa juu ya ufa, maana walipolipua miamba kule shimoni mtaa mzima ulitikisika. Mama alisimama hapo kwa muda mrefu kila siku. Langoni msichana mmoja alikaanga maandazi, na kila siku aliwatazama.

Siku moja msichana yule aliinuka akaita ndani. Wakatoka wanaume wawili, na majirani wakasogea. Ilikuwa imeenea habari kwamba watakuja watu kupima nyumba na kuziandika namba kwa rangi, kwa kuwa chini ya mtaa kuna madini, na mtaa wa jirani ulikuwa umekwisha kuandikwa. Mwanamume mwenye koti, anayesimama kila siku mbele ya nyumba bila kununua hata andazi, alifanana na watu hao.

"Mueshimiwa, munatafuta nini hapa?" akauliza mmoja.

"Tunaangalia nyumba tu."

"Munaangalia ju ya nini?"

"Ju iko muzuri."

Wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Mzee mmoja akashuka kutoka barazani taratibu, akishika ukuta. Alikuwa Tata Kabemba, mwenye nyumba, fundi mstaafu wa mgodini.

"Na ule mama wa ng'ambo, mwenye munakuyaka naye kila siku, ni nani?"

"Ni mama mukwe wangu."

Mzee akakunja uso. Alikuwa Mluba kama wao. "Unatembea na mama mukwe wako mu barabara? Buko unaiweka wapi? Bibi yako anajua?"

Hapo, alipoulizwa habari za mke wake, Mwenze alitambua jambo. Watu wengi walikuwa wamelitamka neno la kufa mbele yake: muuguzi, katekista, Djafari kwenye simu. Yeye mwenyewe hakuwa amelitamka hata mara moja.

"Bibi yangu alikufa," akasema.

Akangoja kitu kitokee ndani yake. Hakikutokea. Akarudia, kama mtu anayebonyeza swichi mara ya pili: "Falonne alikufa." Ng'ambo ya barabara mama mkwe wake aliketi polepole kwenye ukingo wa mtaro, akaweka mikono mapajani.

Wale wanaume wawili wakaangalia viatu vyao. Tata Kabemba aliondoa kofia.

"Tatiana," akamwambia yule msichana, "lete biti. Kimoja weka huku, kingine weka kule mwisho. Bashikale kwa heshima."

Wakaketishwa kwenye viti barazani, mama mwisho mmoja, Mwenze mwisho mwingine, na mzee katikati kama ukuta. Tatiana, ambaye alikuwa mjukuu wake, aliwaletea maandazi. Mama Godelieve akamuuliza mzee kama bomba la moshi linafanya kazi.

"Hatujaiwasha kamwe," mzee akasema. "Ndani tunawekaka bitunguu."

"Juni yote hii na baridi?"

Mzee akaona haya. Akamwagiza Tatiana atoe vitunguu, wakapanga kuni, wakawasha. Kwa kitambo moto ulikwenda vizuri, ukaangaza sebule. Kisha moshi ukarudi wote ndani, kwani ndege walikuwa wamejenga huko juu kwa miaka, na nyumba nzima ikatoka mbio nje ikikohoa. Tatiana alicheka mpaka akashika tumbo. Mama Godelieve naye alicheka, mkono mdomoni. Mwenze alifuta macho. Yalikuwa machozi ya moshi, si mengine, lakini hata hivyo aliyaacha yateremke kidogo kabla hajayafuta.

Mavuno yalipokwisha, Mukalay akaja kutoka Kasaji kumchukua mama yake. Alimkuta amefunga mizigo, akafurahi. Mama akamwambia mizigo haiendi Kasaji. Inakwenda kwa Tata Kabemba, ambaye nyuma ya nyumba yake kuna boyeri, chumba walimolala watumishi enzi zile, na tangu siku ya moshi walikuwa wamekwisha kusikilizana. Atamsaidia Tatiana kukaanga maandazi.

Mukalay alikwenda kuiona ile nyumba. Akarudi amekasirika.

"Mama, hii nyumba iko na nyufa kila pahali. Batakuya kuibomoa."

"Bakibomoa, utakuya kunitwala."

"Na munabakia hapa ju ya nini?"

"Falonne iko hapa," mama akasema. "Sikufika siku ya kumuzika. Kuondoka, nakataa kuondoka mbio."

Mukalay akamgeukia Mwenze, aliyekuwa amesimama kando uani. "Shemeji, umuambie. Wewe ndiye anakusikia."

"Siwezi kumuamuru mama mukwe wangu."

"Mama mukwe gani?" Mukalay hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka na safari. "Dada yangu hakuacha mutoto. Matanga ilishaisha. Kati yenu hakuna tena kitu, buko imekwisha."

Mwenze alilifikiria jambo hilo. Mukalay alikuwa anasema kweli. Alitafuta ndani yake hasira, hakuiona. Aliona tu barabara, na mama upande ule wa barabara.

"Kwangu bado haiyaisha," akasema.

Mukalay alimtazama, akapumua. Kesho yake alimsaidia mama yake kubeba godoro, kisha akapanda lori la kurudi Kasaji peke yake.

Baada ya hapo matembezi yalifupika. Mwenze alitoka kwa Djafari, ambako sasa makosa yalikuwa yamepungua, akaenda moja kwa moja mpaka mwisho wa mtaa, akasimama ng'ambo. Mama alikuwa barazani na karai la unga. Aliuambia ukuta habari za siku: leo walilipua mara mbili, ufa wa jikoni umeongezeka, fundi ametoa viota bombani. Mwenze aliujibu mti. Kisha akarudi nyumbani, ambako alikuwa amekwisha kujizoesha kuingia jikoni kuchemsha maji, akitoka upesi.

Alasiri moja Tatiana alivuka barabara akamletea ujumbe. "Mama anasema mulete manguo ya Falonne. Anataka kuyabagua, yenye kupatia watu na yenye kubakisha."

Mwenze alitikisa kichwa kukubali. Alikwenda nyumbani, akafungua kabati. Alikunja nguo moja moja, vibaya, kama mwanamume anavyokunja, akazitia katika mfuko mkubwa. Mikono ilifanya kazi yote, yeye aliiangalia. Alichukua taksi-moto, akapanda nyuma ya pikipiki, akakumbatia mfuko njia nzima ili usianguke.

Alimkabidhi Tatiana, akavuka akasimama mahali pake. Mama alifungua mfuko barazani. Alitoa blauzi, akaiweka kando. Akatoa sketi. Akatoa kitenge cha manjano kilichopauka, akakishika mkononi kwa muda.

"Hii," akasema, "ndiyo mi nilimununulia."

Hakusema na ukuta. Mwenze alijua, ingawa hakuinua macho. Alikuwa amekiona kitenge kile mamia ya asubuhi, Falonne amejifunga akifagia, na hakuwahi kuuliza kilitoka wapi.

"Wapi, mama?" akauliza.

"Sandoa. Soko ya Sandoa. Alikuwa bado mutoto, alikataa kuondoka pale mupaka nimununulie."

Lori la mgodi likapita kati yao, na vumbi likawaficha. Wote wawili walingoja litulie. Lilipotulia, mama alikuwa bado ameshika kitenge.

"Alilala chini," akaendelea. "Katikati ya batu, alilala chini na robe yake ya kuvaa misani. Mi nikasikia haya, nikajifanya simujui."

"Akafanya nini?"

"Akaniita jina. Aliniita Godelieve, sawa mutu mukubwa."

Mwenze alitoka chini ya mti, akasogea mpaka ukingo wa barabara ili asikie vizuri, na mama akaendelea kusimulia.