Kampuni ya Bustani

Maji yalikatika tena kabla hakujakucha, ndoo moja ikiwa nusu, na Mama Mabruka akaapa kwamba hayo yaliyobaki ni ya kuskusi, si ya mtu kuoga. Alikuwa juu ya paa, miguu kainyoosha, sinia kubwa mapajani, anasugua unga kwa viganja mpaka uwe chembechembe, kisha anauanika kwenye shuka jeupe. Kila kiangazi hufanya hivyo. Fungu moja mwaka huu lilikuwa la binti yake Olfa, la kwenda nalo Romania, maana huko, Olfa alisema, wanauza kitu wanakiita kuskusi na mwenye kukiuza angestahili kushtakiwa.

"Mama, nanuka jasho, na naenda ofisini kwa watu."

"Kwani huko ofisini wananukia? Nenda na jasho lako hivyo hivyo, wajue umetoka kwenye nyumba ya watu wa kazi."

Lazhar, kaka yake Olfa, alikuwa ameegemea ukuta anamalizia kahawa. Hakucheka. Neno kazi lilimkaa vibaya, mama yake akalitambua, akainama kwenye sinia lake kama aliyekuwa na haraka.

Olfa alikuwa amemaliza mwaka wa tatu wa udaktari wa meno katika chuo cha mji wa Iași. Miaka hiyo mitatu ililipwa na mapafu ya baba yake: alikufa na vumbi la fosfeti, yale madini ya mbolea, kifuani, mgodi ukatoa fidia, fidia ikaenda kwenye ada. Sasa imekwisha. Bangili za mama zimekwenda kwenye tiketi. Kilichobaki ni mkopo wa serikali kwa wanafunzi walio nje ya nchi, ule unaotangazwa redioni kila kiangazi, eti hakuna kijana atakayeachwa nyuma. Siku ya mwisho kupokea maombi ilikuwa hiyo. Asipoupata, vuli ikifika chuo kinalifuta jina lake, na miaka mitatu ya kukariri mifupa ya taya kwa lugha ya watu itakuwa imekwenda na maji. Na maji yenyewe hakuna.

Mkopo ulitaka mdhamini: mtu anayepokea mshahara wa serikali. Katika ukoo wote alikuwapo mmoja tu, Lazhar, wa kampuni ya bustani.

Hii kampuni ya bustani acha niieleze, maana kila nikiitaja napandwa na hasira. Miaka ile vijana wetu walipochoka kuona mlima unachimbwa, unapakiwa na kuondoka, na wao hakuna hata mmoja anayeajiriwa, walikwenda kukaa kwenye reli. Walikaa tu. Walitandika mablanketi, wakachemsha chai, na treni za fosfeti zikasimama. Walikuja polisi, vijana wakakaa. Walikuja wakubwa na suti, vijana wakakaa. Mwisho serikali ikaleta dawa: waliokaa relini wataandikwa kazi katika kampuni mpya ya bustani. Watu wakapiga vigelegele. Majembe yakaletwa, vijana wakapigwa picha nayo, majembe yakarudishwa yalikotoka. Miche haikuja. Shamba halikuja. Mshahara tu ndio uliokuja, mdogo, lakini haukosi mwezi, ili mtu anyamaze. Lazhar ana cheti cha ufundi umeme. Anashinda mkahawani akicheza karata, na watoto wa mtaani wakimwona wanamwita Bwana Maua.

"Leo angalau hiyo slipu ya mshahara itafaa kitu," alimwambia Olfa walipokuwa wanatelemka ngazi. Alikuwa amevaa shati lake la harusi za watu. Alikuwa amenyoa. Olfa alimwona na roho ikamuuma, kwa sababu hakumbuki lini mara ya mwisho kaka yake alitoka nyumbani akiwa na mahali pa kwenda.

Mjini Gafsa walifika jua likiwa limeshakuwa kali. Kiangazi ofisi za kwetu hufanya kazi asubuhi tu. Ikishaadhiniwa adhuhuri makarani wanaanza kutafuta funguo za magari yao. Foleni ilikuwa imetoka mlangoni mpaka kwenye ngazi. Mbele yao alikuwa Mzee Amor, mstaafu mwenye kofia nyekundu ya sufu na goti bovu, aliyekuja kwa ajili ya mwanawe anayesomea Georgia.

"Mimi hapa ni mwenyeji," aliwaambia. "Bado kuletewa chai tu. Mwanangu ataoa, atazaa, mjukuu wangu ndiye atakuja kuchukua huo mkopo."

Watu wakacheka, na wengi wao walifunika mdomo kwa mkono. Ndivyo tunavyocheka sisi watu wa mgodini. Maji yetu yana fosfeti na madini yake, yanayatia meno madoa ya kahawia tangu utotoni, na hakuna mswaki utakaoyatoa. Mtu wa pwani akikuona unacheka anajua ulikotoka kabla hujataja jina. Olfa alikwenda kusomea meno kwa sababu hiyo, wala hakuwahi kumficha mtu.

Karani wa dirishani, Bwana Nizar, alikuwa mtu wa pwani, meno meupe. Alifungua faili la Olfa kwa kidole kimoja.

"Sahihi ya mdhamini haijathibitishwa manispaa."

"Lakini juzi nilipiga simu, nikaambiwa mdhamini atie sahihi hapa mbele yenu," Olfa akasema.

"Nani kakwambia?"

"Sauti ilikuwa kama yako."

"Binti, usinizingue. Manispaa, stempu, muhuri, kisha urudi. Anayefuata!"

Wakatoka mbio. Manispaa haikuwa mbali, lakini mwenye muhuri alikuwa mkahawani na muhuri ameufungia kabatini, na wa dirisha jirani hana ufunguo wala hana habari. Lazhar alikwenda kumfuata mkahawani. Alimkuta na kikombe, akamwambia kwa adabu zote, "Mkuu, dada yangu ana mtihani wa maisha." Mkuu akamaliza kikombe chake kwanza. Stempu nayo ilikuwa imepanda bei wiki hiyo, na mwenye kibanda akasema wasimwangalie yeye, wakaiangalie serikali. Nauli yao ya kurudi ikaishia kwenye kijikaratasi cha kulamba na kubandika. Danadana, ndugu zangu, huu ndio mchezo tunaochezewa, na mpira ni sisi.

Walirudi adhana inaita. Foleni ilikuwa imepungua. Wengine walikata tamaa. Mzee Amor aliwapisha. "Piteni. Mimi na huyu bwana tutazeeka pamoja."

Bwana Nizar aliukagua muhuri, akakosa kasoro, akaonekana kusikitika. Kisha akaivuta slipu ya mshahara. Akaisoma. Akaisoma tena, safari hii kwa sauti.

"Kampuni ya bustani!" Alimtazama Lazhar, shati, ndevu zilizonyolewa. "Sasa mnapanda nini huko, kaka? Mawaridi?"

Waliosalia kwenye foleni wakacheka, na safari hii Olfa aliwachukia wote.

"Subira," Lazhar akajibu. "Tunapanda subira. Endelea na kazi yako."

"Haiendeleki. Waraka unasema mdhamini awe mtumishi wa kudumu wa serikali. Hii si ajira, ni msaada."

"Mshahara huo unatoka wapi?"

"Kaka..."

"Nakuuliza vizuri tu. Hebu itazame hiyo nembo hapo juu ya slipu. Ya nani? Si ndiyo hiyo iliyotundikwa ukutani nyuma ya kichwa chako? Mlipotaka niondoke relini mliniambia ni ajira. Wakubwa wenu walinipa mkono, wakanipiga picha na jembe. Leo dada yangu anataka kusoma, imekuwa msaada?"

"Mimi ni karani tu."

"Kila mtu hapa ni karani tu! Anayetunyima yuko wapi, tumwone sura?"

Bwana Nizar akalisukuma faili nje ya dirisha. "Tafuteni mdhamini mwingine. Tunafunga." Akalishusha pazia la bati, nalo likatoa kelele.

Wakabaki wanalitazama hilo bati. Lazhar aliokota faili lililoangukia sakafuni, akalipangusa vumbi kwa mkono wa lile shati lake zuri.

"Twende, mdogo wangu," alisema bila kumtazama. "Nisamehe. Ungekuwa na kaka aliye mtu kamili..."

Basi hapo ndipo Olfa alipojaa. Angeweza kuustahimili mkopo kukosekana. Alikwishaanza kujizoeza tangu usiku. Lakini kumwona Lazhar, aliyelala kwenye reli baridi ya Januari kwa ajili ya kazi, anaomba radhi kwa kupewa kazi ya uongo! Alimchukia karani, akaichukia redio, akamchukia na yule aliyeketi mahali fulani penye kiyoyozi akabuni bustani isiyo na jani. Alikwenda mpaka mlangoni, mlango pekee wa ofisi ile. Akageuka, akajikusanya gauni, akakaa sakafuni katikati ya kizingiti.

"Olfa, inuka."

"Siinuki."

"Mimi nilikaa," Lazhar alimwambia kwa sauti ya chini. "Umeona nilichopata."

"Wewe uliinuka mapema, kaka."

Neno lile lilimpata.

Mzee Amor akavua kofia yake, akaiweka sakafuni kushoto kwa Olfa na kuikalia, huku akishika ukuta na kuguna. "Wajue mapema," alisema, "goti langu likikunjwa halikunjuki. Nikikaa nimekaa."

Bwana Nizar alitokea kwa ndani, funguo za gari mkononi, miwani ya jua kichwani. Aliwaona, akasimama.

"Hii nini tena? Pisheni, watu waende nyumbani."

"Nami nataka kwenda," Olfa akasema. "Niandikie mkopo, utapita."

"Nitaita polisi!"

"Waite. Sisi tumezaliwa nao."

Hakuita. Kelele za watu wa mgodini waliokaa chini kila mkubwa anazijua, na hakuna anayetaka zianzie kwenye mlango wake. Alipanda juu akarudi na mkuu wa ofisi, Bibi Raudha, mama mtu mzima mwenye sauti ya pole na manukato yaliyomtangulia. Bibi huyu hakufoka. Aliinama, akamshika Olfa bega.

"Mwanangu, nimeelezwa. Inaniuma, wallahi inaniuma. Mimi pia ni mzazi. Lakini waraka ni waraka, mkono wangu umefungwa."

"Nani kaufunga?"

"Sikiliza kwanza." Akashusha sauti, kama mtu anayekupa peremende huku wenzako hawaoni. "Mkopo siwezi. Ila naweza kukusaidia kwa njia nyingine. Mwezi ujao kampuni ya bustani inaandika watu wapya. Nina jamaa pale. Nitakuwekea jina lako. Mshahara kila mwezi, nyumbani kwa mama yako, hakuna baridi ya Ulaya, hakuna mitihani. Unasemaje?"

Huyu hapa msichana ambaye amebakiza miaka mitatu awe daktari wa meno kwenye mji wao wa mgodini ambao hauna hata mmoja, na nchi yake haina cha kumkopesha asome, ila inacho cha kumpa bure akae. Na watakuambia hazina iko tupu!

"Nina swali, mama," Olfa akasema.

"Uliza, binti yangu."

"Nikiandikwa huko bustani, kisha, tuseme, mdogo wangu akapata chuo nje, nitaweza kumdhamini?"

Bibi Raudha alifungua mdomo. Aliyejibu ni Bwana Nizar, upesi, kwa mazoea ya dirishani. "Hapana, kwa sababu waraka una..." Akanyamaza mwenyewe.

Olfa akacheka. Alicheka kwa sauti mpaka machozi yakamtoka, na mkono wake ulibaki pajani. Meno yake yote, na madoa yake yote ya kahawia, yalikuwa nje, yanamtazama Bibi Raudha usoni. Bibi akauondoa mkono wake begani.

"Bwana," akamwambia Lazhar kwa ukali ambao hakuwa nao mwanzo, "mtoe dada yako hapa. Wewe ni mtu mzima."

Lazhar aliyatazama yale mapengo mawili ya kizingiti, kushoto na kulia kwa Olfa. La kushoto alikwishalikalia Mzee Amor na kofia yake. Akafungua kifungo cha juu cha shati, akalikunja faili akaliweka chini likawa mto, akakaa kulia, mgongo kwenye mwimo wa mlango, miguu ameinyoosha mbele yao mpaka upande wa pili. Paka asingepita.

"We, kaka!" Bwana Nizar alipiga kelele, funguo zinalia mkononi. "Umeambiwa umtoe, na wewe unakaa?"

"Usinisumbue, bwana," Lazhar akamwambia. "Niko kazini. Serikali inanilipa nikae."