Kadi Iliyobandikwa Ukutani

Kadi ya kwanza niliikuta asubuhi imepasuka kutoka juu hadi chini, nusu ya neno upande huu wa ufa, nusu upande ule. Nikasema gundi mbovu. Kama kuna kauli moja ambayo ningelipa chochote kuirudisha kinywani mwangu, ni hiyo. Gundi mbovu huachia kadi ikaanguka, haiipasui. Gundi yetu ilikuwa imeshika barabara pande zote mbili, na kilichosogea kilikuwa ukuta.

Tulikuwa watatu katika ofisi ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuwa mkuu. Karani wake tulimwita Bwana Nukta, kwa sababu angeweza kugombana na mtu kutwa nzima juu ya nukta moja. Mimi nilikuwa mwandika kadi, kazi niliyopewa kwa hati yangu nzuri na, tusidanganyane, kwa sababu ya Shangazi. Ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Nilimpenda, na nilimwogopa vilevile.

Shangazi alikuwa na sheria yake: neno haliingii kamusini mpaka kitu chenyewe kionekane kwa macho. Tulipofika kwenye kufuli, meza ilijaa makufuli ya kila aina. Tulipofika kwenye kukaanga, tuliunguza pazia. Mwezi ule tulikuwa kwenye neno la Kiingereza "crack". Neno fupi, linatamkwa kama kikohozi, lakini ukoo wake, mama yangu! Ni ufa wa ukuta, ni mlio wa mjeledi, ni kubangua korosho, ni kufumbua fumbo, ni mzaha, ni sauti ya mtu inapokatika akitaka kulia, ni alfajiri inapochomoza, ni moyo unaposhindwa kubeba tena. Kila maana ilidai kadi yake, na kila kadi ilidai visawe vyake.

Sasa, mwezi huohuo jirani alikuwa amebomoa nyumba yake ili ajenge ghorofa. Mashine zake zilichimba msingi hatua chache tu kutoka kwetu, na chai ilitetemeka vikombeni. Ufa ulipojitokeza kando ya rafu, rafu zilizobeba kadi za miaka thelathini, Shangazi alifurahi. Ndiyo, alifurahi. Aliona riziki imemfuata mezani. Alibandika kadi juu yake: "Ufa. Mwembamba. Ncha ya kalamu haiingii."

Siku ya pili ncha iliingia. Hapo ndipo kadi ilipopasuka, na mimi nikailaumu gundi. Asubuhi nzima tulijadili kama bado ni ufa au umeshakuwa mpasuko. Bwana Nukta alishikilia kwamba mpasuko lazima uonyeshe mwanga upande wa pili. Kisha akakumbuka kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, tukacheka, methali ikaandikwa kwa wino mwekundu. Nikabandika kadi mpya. Hakuna aliyetoka kwenda kutafuta saruji.

Siku ya tatu nilikuta kadi imepasuka tena. Nikabadilisha haraka, maana mchana tulikuwa na mgeni. Ilikuwa desturi yetu kualika watu wa kazi watupe maneno yao, na siku hiyo alikuja fundi mwashi, mzee mwenye viganja vya kokoto. Alijibu maswali mawili kwa upole. Tulipouliza la tatu, alikuwa anautazama ufa. Alisimama, akaweka kiganja ukutani, akakiacha pale kwa muda.

"Ufa wa namna hii, ukuta unaondoka," akasema. "Tokeni."

Bwana Nukta alimuuliza kama katika ufundi wao ukuta huondoka au hulala. Fundi akatutazama mmoja baada ya mwingine, jinsi mtu anavyowatazama walevi. Hakunywa chai yake. Alisema atakwenda kumsihi jirani asimamishe mashine, akatoka. Shangazi alisema mzee wa watu ana hofu tu, na kwamba kadi za miaka thelathini hazihamishwi kwa siku moja; tukimaliza neno Ijumaa atamwita mwenye nyumba.

Mimi nilikuwa nimeshaandika. Kadi hubeba mfano mmoja, mfupi, wenye neno husika ndani yake. "Ufa wa namna hii, ukuta unaondoka" ulitosha kabisa. "Tokeni" halikuwa na kazi katika mfano, kwa hiyo nililikata. Shangazi alisoma kadi mara mbili, akaniwekea mkono begani.

"Sasa umekuwa mtu wa kamusi, mwanangu," akasema.

Nililala na maneno hayo usiku kucha kwa raha. Nasema ukweli wangu.

Siku ya nne kadi ilikuwa imepasuka, na vipande vyake vilikuwa vimeachana upana wa kidole. Hapo sikuitaja gundi tena. Nilijua. Nilisimama mbele ya ukuta, nikijua, kisha nikavitia vipande mfukoni na kutafuta kadi pana zaidi. Niliibandika kabla Shangazi hajafika. Sikutaka kuwa mimi wa kumtoa katika chumba chake, siku moja tu baada ya kuniita mtu wa kamusi.

Saa nne hivi ukuta ulitoa sauti. Ilikuwa kavu, moja tu, na vumbi jembamba likashuka juu ya meza. Bwana Nukta alikuwa amekwenda kwa mpiga chapa. Shangazi aliinua kidole, macho yakimng'aa.

"Huo ni mlio gani? Kualika, kama kijiti kikavu, au kutatarika, kama mafuta motoni?"

Mdomo wangu ulikuwa na neno jingine. Lilikuwa pale pale, la silabi tatu, fundi alishalitamka.

"Kualika," nikasema.

"Vizuri. Kachukue kadi."

Kabati la kadi tupu lilikuwa chumba cha pili, ng'ambo ya ukumbi. Mkono wangu ulikuwa ndani ya droo ukuta ulipoondoka. Walipoutoa mwili wa Shangazi kifusini, alasiri, bado nilikuwa nimezishika kadi zile, na mtu mmoja ilibidi anikunjue vidole.

Bwana Nukta aliimalizia kamusi peke yake kwa kadi zilizofukuliwa. Ni kamusi nzuri, imesambaa mashuleni na maktabani, na watu husifu mifano yake. Chini ya "crack", maana ya kwanza, kuna mfano wa fundi kama nilivyouandika. Baada ya nukta imebaki nafasi nyeupe, inayotosha neno moja.

Kila ninapoikuta kamusi ile, hutoa penseli. Wiki iliyopita mkutubi alinifuma. Aliniuliza, mtu mzima kama mimi, sijui kwamba vitabu vya watu haviandikwi ndani? Nikamwambia najua. Nikamrudishia kitabu chake, nikamwomba neno la fundi asilifute.