Kofia ya Kaki Kwenye Maporomoko

Shangazi aliponipigia simu akasema, "Njoo utupimie maji," sikumuuliza hata maji yana nini. Kesho yake asubuhi nilikuwa njiani. Kazi yangu ni kupima maji kwenye maabara, na kwa miaka mingi nilikuwa nikisikia habari za maporomoko ya kijijini kwao yanayogeuza vitu kuwa mawe. Ukoo mzima unaniita Kidole, kwa sababu tangu utotoni sijaona tundu nikaliacha bila kulichokoa. Jambo la namna hiyo ningeliachaje?

Nilimkuta shambani na ndoo mbili, anamwagilia maharage shina kwa shina. Alikuwa anachechemea. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba kama papai.

"Shangazi, si mfereji huu hapa unapita kando ya shamba?" Ulikuwa mkavu, umeota majani.

"Huo haufunguliwi."

"Kwa nini?"

"Kidole! Hata maji ya kunywa hujapewa, umeshaanza. Twende huko juu ukaone mwenyewe."

Tulipanda polepole kwa ajili ya goti. Kwa kweli mimi nilikuwa nimepagawa. Maji yalishuka juu ya ngazi za mawe meupe yenye michirizi ya kutu, na ngazi hizo maji yenyewe ndiyo yaliyozijenga kwa chokaa yake. Niliokota gunzi la mahindi, zito, lenye ganda gumu pande zote. Niliokota jani la jiwe, mishipa yake yote ikihesabika. Niligusa, nikanusa, nikalamba. Shangazi alinitazama kwa huruma.

Penye lango la mfereji alikaa mlinzi wake, mwanamume wa makamo mwenye nyundo kiunoni. Karibu naye, kwenye msumari mnene uliopigiliwa mwambani, ilining'inia kofia. Ilikuwa nyeupe, ngumu, imegandamana na mwamba, na marasharasha ya maji yalikuwa yakiirukia.

"Hii ya nani?" niliuliza.

Shangazi aligeukia upande mwingine. Mlinzi ndiye aliyenieleza. Maji haya huacha ukoko kila yanapopita, kwa hiyo kila msimu mtu mmoja huingia kwa magoti kwenye tundu ambalo mfereji unapitia ndani ya mwamba, akaubandua kwa nyundo na patasi. Kabla ya kuingia hutundika kofia yake hapo. Kofia ikiwapo, lango halifunguliwi, maana aliye ndani atakufa maji. Akitoka huichukua mwenyewe na kupaza sauti, "Nimetoka!" Mtu mwingine haruhusiwi kuigusa.

"Hii ni ya mume wa shangazi yako," alisema. "Siku ile alitoka anatetemeka kwa homa, akaenda moja kwa moja nyumbani, akaisahau. Siku ya nne tukamzika."

Nikahesabu tangu mazishi yale. Miaka kumi na mmoja.

"Lakini kila mtu anajua hayumo ndani!" Maneno yalinitoka kabla sijayapima.

"Nilikuja kuitoa baada ya msiba. Shangazi yako akanikataza. Alisema mwenyewe ataichukua."

Kijiji hakikubishana na mjane. Walichimba mfereji mwingine huko chini, nao haufiki kwenye shamba lake.

Shangazi aliketi juu ya jiwe, akashika goti. "Nimechoka, mwanangu. Msimu huu ama maji yaje, ama shamba niliache. Ndiyo maana nimekuita. Wewe ndiye mjuzi wa maji haya. Nipimie hiki kitu uniambie, bado ni kofia au kimeshakuwa jiwe? Kikiwa jiwe, sheria haikihusu. Mlinzi atakivunja kama ukoko mwingine."

Alisema hayo yote bila kuitazama.

Nilitoa kichupa changu cha siki, nikadondosha matone matatu kwenye ukingo wa kofia. Povu likachemka. Chokaa tupu.

"Jiwe," nilitangaza, na nilijisikia bingwa kweli kweli.

Mlinzi akachomoa nyundo. Hapo ndipo nilipopaswa kufunga mdomo na kuweka mikono mfukoni. Lakini kidole changu kilikuwa kimeshaingia kwa ndani, chini ya ukingo, mahali ambapo maji hayakufika sana. Kiligusa kitu laini.

"Ngoja!"

Kigamba cha chokaa kikabanduka. Ndani yake kulikuwa na kitambaa cha kaki, na juu ya kitambaa mishono minene ya uzi mwekundu, imekwenda upogo.

"Shangazi, nisamehe. Si jiwe lote. Kofia bado imo."

Nilijilaani. Kwa neno moja nilikuwa nimempa maji, na kwa la pili nimemnyang'anya.

Alinyanyuka, akaja hadi kwenye msumari. Aliinama akachungulia.

"Mishono hii ni yangu," alisema. "Nilimshonea asubuhi ile ile, nimemnunia. Uzi wa kaki ulikuwa umeisha. Nikamwambia vaa hivyo hivyo, wakucheke." Akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. Kisha akamnyooshea mlinzi mkono. "Lete nyundo."

"Mama, si mwenye kofia tu ndiye..."

"Kofia yake, uzi wangu. Lete."

Aligonga taratibu kuuzunguka msumari hadi kofia ikaachia. Ilikuwa nzito, akaikumbatia tumboni kwa mikono miwili. Kabla ya kuondoka aliinama penye mdomo wa tundu, akatazama ndani. Nami nilichungulia, ningeachaje? Palikuwa pakavu na pasafi, hapana ukoko hata wa kucha.

"Alimaliza kazi yake," alisema.

Akageukia mashamba yaliyokuwa chini yetu, akapaza sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Ametoka!"

Mlinzi akavua kofia yake mwenyewe, akalifungua lango.