Sweta la Máirtín Hernon

Feri ya saa tisa ilipong'oa nanga Jumanne ile, Baibín Hernon alikuwa jikoni akimenya viazi, na marehemu mumewe alikuwa akipanda ngazi za gati. Alimenya viazi sita: viwili vyake na vinne vya Máirtín, ambaye enzi za uhai wake hakuwahi kushiba kwa vitatu. Kisha akafuta mikono, akajitanda mtandio mzuri, akaenda kusimama langoni.

Waliozama walikuwa wakitoka majini tangu Januari, wiki ileile kiliposimamishwa kibao pale gatini. Kilikuwa kibao kikubwa kama mlango wa banda, kilicholetwa na kampuni moja ya mitindo kutoka Dublin. Kilichorwa mifumo kumi na miwili ya kufuma sweta, na chini ya kila mfumo jina la ukoo. Juu yake paliandikwa kwamba tangu kale kila ukoo wa kisiwa hiki una mfumo wake, na kwamba maiti aliyetupwa ufukweni alitambuliwa kwa sweta alilovaa. Watu walikisoma wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hakuna ukoo uliowahi kuwa na mfumo wake. Kila mwanamke alifuma alichoweza, na alichokipenda mgongoni mwa mume wa jirani alikiiba kwa macho kanisani, padri akiendelea kuhubiri.

Lakini waliozama hawakuwa na habari hiyo. Maji yalikuwa yamewaosha kila kitu, majina yao, sura za watoto wao, hata vifo vyenyewe, yakawaachia sufu tu. Walipanda ngazi mmojammoja, wakasimama mbele ya kibao, wakainama kutazama vifua vyao, wakainua macho kutazama michoro, wakasoma jina, wakashika njia. Kufikia mwisho wa Februari walikuwa tisa. Hawakumsumbua mtu. Walikula kidogo, walikaa mbali na moto, na pale walipokaa sakafu haikukauka.

Sweta la Máirtín lilifumwa na Baibín mwaka waliooana. Lilikuwa na misokoto minne na sega la nyuki katikati, na mahali pamoja, upande wa moyo, msokoto ulipinda kinyume, kwa sababu siku hiyo sufuria ilifurika, Baibín akaikimbilia, na aliporudi hakukumbuka alikuwa amefika wapi. Hakufumua. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na hakuwa na subira. Máirtín alitoka nalo kwenda kutega kambakoche mwezi wa Oktoba, mwaka 1987, na tangu hapo haukuonekana mtumbwi wala hakuonekana yeye.

Miaka miwili kabla ya kibao, mbunifu wa kampuni, Fidelma Roche, aliingia jikoni mwa Baibín akaiona ukutani picha ya Máirtín siku ya harusi, amevaa sweta lile. Alikuwa mwanamke mpole, hata viatu alivivua mlangoni bila kuambiwa. Aliukodolea macho ule msokoto uliopinda.

"Hili kosa, Mama Baibín," alisema, "ndiyo roho yenyewe ya kisiwa."

"Ni sufuria ya viazi tu, mwanangu."

Fidelma alicheka, akanywa vikombe vitatu vya chai, akapiga picha, akaagiza sampuli. Baibín alimfumia, na kosa lake humo. Sasa sweta hilo liliuzwa mpaka Tokyo, na kibaoni chini ya mchoro wake paliandikwa Mullen. Akina Mullen wamejaa Boston na Chicago, na wanapenda kununua jina lao. Akina Hernon hawajazi hata basi dogo. Mwezi wa Januari Baibín naye alilicheka hilo. Maiti wa kwanza alipopiga hodi kwa watu, kicheko kilimwisha. Tangu siku hiyo kila alasiri alimmenyea viazi akamngoja langoni, akiwa na jambo moja tu moyoni, kwamba Máirtín atakapotoka, miguu itamleta nyumbani hata kama kibao kitasema vingine.

Jumanne ile alimwona akija katikati ya kuta za mawe, kijana wa miaka thelathini na minne, maji yakimchuruzika viatuni. Hakuwa amebadilika hata kidogo. Alifika langoni, akampita.

"Máirtín!"

Aligeuka kwa adabu. "Samahani, mama. Kwa Mullen ni huku juu?"

Baibín alitaka kusema siyo, akajikuta ameitikia kwa kichwa. Yule kijana akamshukuru, akapanda kilima. Viazi vinne vilibaki sufuriani mpaka vikapoa.

Kesho yake asubuhi alikwenda huko juu. Neaipe Mullen, aliyecheza kwenye harusi ya Baibín mpaka akavunja kisigino cha kiatu, alimpokea mlangoni na wala hakumkaribisha ndani.

"Usinitolee macho, shoga. Mimi sikumwita. Kapiga hodi, kasema, 'Nimerudi nyumbani.' Ulitaka nimfungie mlango?"

"Unamjua ni nani, Neaipe."

"Namjua, si nilikula wali wenu wa harusi, na nyama nikaongezwa." Akashusha sauti. "Lakini mama mkwe anasema ni mwanawe Pádraic. Tangu jana bi kizee anakula tena, Baibín. Amekula yai zima."

Pádraic Mullen alizama akiwa amevaa koti la nailoni la dukani, na nailoni haikuwemo kibaoni. Baibín alilijua hilo. Alimhurumia bibi kizee yule na kumchukia kwa wakati mmoja, akarudi nyumbani akampigia Fidelma simu kumwomba jina la kibaoni libadilishwe.

"Jamani, pole sana," alisema Fidelma, na alimaanisha. "Lakini lebo za sweta zimeshachapishwa kwa lugha tano. Na wewe ndiye uliyetupa msukumo wote, Mama Baibín. Sisi hatulisahau hilo."

"Limeandikwa wapi?"

Fidelma alisema ataulizia.

Baibín hakungoja jibu. Alichukua rangi nyekundu ya mtumbwi na brashi, akashuka gatini mchana kweupe, akalipiga mstari jina la Mullen, akaandika HERNON kwa mkono wake. Kisha akapanda kilimani akamleta Máirtín, aliyekuja bila ubishi. Alimsimamisha mbele ya kibao, na ile picha ya ukutani akampa mkononi.

Máirtín aliitazama picha kwa muda mrefu. Alimwona bwana harusi, akaliona sweta, akauona mpaka msokoto uliopinda. "Kijana huyu kafanana na sisi akina Mullen," alisema. Kisha akaligusa jina kibaoni, kidole kikatoka chekundu. "Hii rangi mbichi, mama. Yale mengine yote yamepigwa chapa."

Alimrudishia picha akiishika kwa ncha za vidole, asije akailowesha. Ijumaa alikuja fundi wa kampuni, akaisugua ile rangi kwa petroli, akakifunika kibao kwa kioo.

Sasa Baibín ana miaka sitini na saba. Kampuni bado humletea uzi, naye hufuma mfumo wa Mullen, masweta mawili kwa mwezi, kwa sababu ndio uliokaa vidoleni mwake. Kila Jumanne hupanda kwa akina Mullen kama mgeni. Neaipe humwachia kiti cha karibu na moto, na Máirtín humtilia chai yeye mwenyewe, yenye chumvi kidogo, kutokana na mikono yake. Humwuliza kama amelala salama, humwuliza habari za goti. Baibín hujibu yote, huku akimtazama kijana aliyekuwa akilala ubavuni mwake akikoroma, na moyo humuuma tangu anapoketi hadi anapoinuka.

Jumanne iliyopita mvua ilinyesha na mawe yakawa yanateleza, kwa hiyo Máirtín alimshika kiwiko akamsindikiza mpaka langoni. Hakumwachia mpaka alipohakikisha amesimama vizuri.

"Haya, mama," alisema. "Ukifika, msalimie mzee wako."

"Zitafika," alisema Baibín.