Mji wa Chumba cha Nyuma

Kitendawili kisichoteguliwa hakilali nje, hutafuta kitanda. Bibi alilijua hilo tangu utotoni, na bado aliteleza.

Siku hiyo alikuwa akipiga cherehani, sindano ikitafuna pindo za sare za shule, na mjukuu wake kajikunja sakafuni na kitabu chake cha chuo. Msichana alisomea fasihi ya Kiingereza ya zamani: tangu watawa walionakili kwa mkono juu ya ngozi za ndama, hadi mabwana wa mawigi walioamini kuwa akili ni taa ya kutosha. Wakati huo walikuwa bado kwa watawa. Na watawa, kumbe, walipenda vitendawili!

"Bibi, kuna kimoja kimewashinda wataalamu wote. Ndicho nitakachoulizwa kwenye mtihani wa mdomo, na nikifeli tena wananitimua. Kitendawili!"

"Tega, mke mwenzangu."

"Nilikuwa nyumba. Mpangaji wangu alitoka akilia. Sasa mimi sipo, naye bado anabisha hodi."

Bibi akataja yai, akataja kaburi, akataja mti uliokatwa. Msichana akacheka. "Umeshindwa! Toa mji!"

Ndivyo mchezo ulivyo: ukishindwa, unampa mtegaji mji autawale, ndipo akupe jibu. Bibi akasema kwa mzaha, "Haya, chukua chumba cha nyuma."

Kicheko kikakatika. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mama yake msichana, aliyefariki akimzaa, na tangu hapo hakikufunguliwa. Tena mtegaji hakuwa msichana. Mtegaji alikuwa marehemu wa karne na karne, aliyeondoka na jibu lake; chumba kilikuwa kimepewa wafu.

Kesho yake alasiri, mlango wa chumba kile ukabishwa. Kwa ndani.

"Panya," alisema bibi.

"Panya gani ana adabu hivyo? Anabisha, anangoja."

Ikaja na harufu: mafuta ya nywele aliyopenda binti yake. Bibi akaondoa mguu kwenye cherehani. Palepale jibu likamwingia kama uzi kwenye tundu la sindano. Akauma ulimi. Kitendawili kikiteguliwa, mji hurudi kwa mwenyewe, na mtawala huondoka. Na yeye hakutaka binti yake aondoke.

Mchuma janga hula na wa kwao. Msichana aliacha kwenda chuo. Alikaa ameegemea mlango ule, wakibishiana hodi na aliye ndani, huku na huku, chakula kikipoa pembeni. Midomo ikampauka. Maneno yakapungua, akabaki na vidole tu.

Asubuhi ya mtihani hakuchana hata nywele.

"Amka, mjukuu wangu. Watakufukuza."

"Nikienda, nani atamjibu?"

Bibi akamtazama. Chumba hiki kilishammeza mtoto mmoja. Akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye ubao.

"Mama," alisema. "Jibu ni mama. Turudishie mji wetu."

Ikaja hodi moja, nzito, kama mkono unaoagana na mlango. Kisha basi.

Msichana aliupiga mlango kwa ngumi hadi akachoka. "Ulijua tangu lini, bibi?"

"Tangu ile harufu."

"Ukaniacha nikauke hapa?"

Msichana alinawa uso, akachukua kitabu, akatoka bila kuaga, akilia.

Ndipo bibi akafungua. Vumbi kila mahali, isipokuwa kitandani: katikati ya shuka palikuwa na bonde la mtu aliyelala, lingali na joto. Akakaa ukingoni, hakuligusa. Kitendawili cha watawa kilikuwa cha mjukuu. Chake yeye kiligeuka: nyumba, yeye mwenyewe, bado ipo, mpangaji ndiye aliyekwenda.

Akagonga ubao wa kitanda kwa kidole, polepole.

Akangoja.