Ruksa na Sakafu ya Saruji

Nilikuwa nimepiga magoti sebuleni, tambara mkononi na mtoto mgongoni, nilipokumbuka kwamba mbwa hakuwepo. Egidi, mume wangu, alikuwa ameondoka naye asubuhi kwenda kwenye vichanja vya kahawa. Niliwaona kwa macho yangu wakivuka kijito, yeye mbele, kile kijibwa cheusi kikirukaruka nyuma yake. Hawakuwa wamerudi. Lakini mkojo ulikuwa pale kwenye saruji, karibu na kigoda cha mama mkwe wangu, na bado ulikuwa na joto.

Mwenyewe, Mama Emerensiana, alikuwa amesogea upande wa pili wa chumba, anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua uso.

"Mbwa huyu hajajifunza bado," alisema.

Niligeuza tambara upande mkavu.

"Bado, Mama," nikasema, nikaendelea kufuta.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kupanda mpaka kijijini kwetu Maguu na malori yao. Zamani kahawa ilikwenda chama cha ushirika, nasi tukakaa kusubiri malipo, na kusubiri tulikuwa tumekuzoea. Sasa mtu aliweza kukufuata mpaka uani kwako. Tatizo ni kwamba walipokuja wanunuzi, wezi nao hawakubaki nyuma. Kahawa yako ililala kichanjani, ikaamkia Mbinga mjini. Msimu ule ulikuwa mzuri, basi Egidi akaleta vitu viwili nyumbani: saruji na mbwa.

Saruji niliitaka mimi. Nimezaliwa Lituhi, ufukweni mwa ziwa, ambako ukimwaga kitu mchanga unakinywa na habari inaishia hapo. Huku milimani nilikuta sakafu ya udongo, ya kusiriba kila baada ya muda, na niliota siku nitakayofagia bila kufagia nyumba yenyewe. Hakuna aliyeniambia kwamba saruji haina siri. Tone la mchuzi linakaa juu yake likikutazama mpaka uliinamie.

Mbwa alikuja katikati ya baridi ya Juni, ameachishwa ziwa juzijuzi. Kwetu huku juu mbwa hulala nje, hiyo haina mjadala. Ila huyu alikuwa mdogo mno, na Egidi aliogopa baridi na chui, akamtandikia gunia kwenye kona ya sebule. Hildegardi, jirani yangu, alicheka mpaka akashika mbavu. Aliuliza kama tutampeleka pia mafundisho ya komunyo ya kwanza.

Halafu lile jina. Mbwa wa kijijini hupewa jina ili majirani wapate ujumbe wao. Pale kwetu walikuwepo Watasema, Tumezoea, na mmoja wa mjane aliyeitwa Mnanijua. Egidi akamwita Ruksa, kwa sababu ndilo lilikuwa neno la miaka ile, kila kitu ruksa. Hakufikiria nani atashinda nyumbani akimkemea. Kijibwa kinachuchumaa kwenye saruji yangu, mimi napaza sauti, "Ruksa, Ruksa," nacho kinanitazama kwa shukrani na kumaliza haja yake. Nani angemlaumu?

Hildegardi alinikumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi, kana kwamba mtu wa ziwani anahitaji kufundishwa habari za samaki. Basi nikamkunja. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha moto, nilimbeba mpaka shambani nyuma ya nyumba, nikamweka ukingoni mwa ngoro, yale mashimo ya Wamatengo ambamo majani huozea na kuwa mbolea. Nilisimama kwenye umande, kanga mbili mabegani, nikimsubiri mbwa akojoe. Akifanya, nampa kipande cha ugali. Akifanya ndani, naweka majivu, nafuta, nalichukua tambara lenyewe mpaka shimoni ili anuse na aelewe. Kisha narudi kuchota maji, kuchuma kahawa, kuimenya, kuiosha, kuigeuza kichanjani, kupika, kunyonyesha. Nilichoka uchovu ambao usingizi hauugusi. Wakati mwingine nilisinzia nimesimama, mkono kwenye mpini wa mashine ya kumenyea.

Lakini alijifunza. Kahawa ilipoiva sawasawa, Ruksa alikuwa akikwaruza mlango mwenyewe, anakimbia mpaka kwenye ngoro, na haachii hata tone kabla ya kufika ukingoni. Nilijivunia kimoyomoyo. Ndiyo maana sikuelewa kwa nini saruji yangu bado ililowa, mpaka asubuhi ile ya tambara na maharage.

Baada ya hapo niliona yote, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Mama alikuwa amehamia kwetu masika yale, paa la nyumba yake lilipoanguka, na kule kwake sakafu ilikuwa ya udongo. Alikuwa na kanga zake alizozifua peke yake kijitoni na kuzianika nyuma ya migomba. Alikuwa ameacha kwenda sala za jumuiya, yeye aliyewahi kuwaongoza akina mama wa parokia nzima, akisingizia goti. Na hakukubali nimwogeshe, hata siku aliposhindwa kuinama kunawa miguu. Mkwe, alisema, hana la kuona huko.

Nilimkasirikia. Mtu mzima, na rozari shingoni, anamsingizia mtoto wa mbwa! Kisha nilikuwa nikimwona akipapasa kigoda kwa kiganja kabla ya kusimama, akidhani sitazami, na hasira ikanigeuka ikawa huruma inayouma zaidi. Siku hizi nina umri aliokuwa nao yeye, na mimi pia hupapasa kiti.

Egidi hakujua kitu. Jioni moja, siku ambayo mbwa alishinda nyumbani, alirudi akaona unyevu, akavua kandambili na kumchapa mbwa. Ruksa alilala chali na kutazama huku na huku, akitafuta kosa lake. Ningeweza kumwokoa kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ingemvua Mama nguo mbele ya mwanawe. Kwa hiyo nilinyamaza, na Mama akanyamaza, na mbwa akachapwa. 

Mwisho Egidi alichoka. Alisema mbwa asiyefundishika atampa Urbani, mwindaji wa upande wa Liparamba, anayetafuta mbwa kila msimu. Wote tulijua kwa nini anatafuta kila msimu. Nguruwe pori wa kule hawabakizi mbwa.

Urbani alikuja Jumamosi, kamba begani. Egidi alikuwa amemfunga Ruksa kwenye nguzo ya kichanja cha uani tangu alfajiri, ili asisumbue. Mama alikuwa kwenye kigoda chake barazani, anaota jua. Urbani akamsalimu, kisha wanaume wakasimama uani, na nikamsikia mume wangu akimsifu mbwa: ana masikio makali, hana woga, ila uchafu wake ndani ya nyumba umemshinda mkewe. Nilikuwa nageuza kahawa. Mdomo ulikuwa umejaa maneno, na sikujua nimtetee nani.

"Mama Vitalia," mama mkwe aliniita kwa jina la mtoto wangu. "Njoo uninyanyue."

Egidi aliwahi kumfikia. Mama akamzuia kwa mkono.

"Wewe baki hapo. Utazame."

Nilimshika kwapani, akainuka polepole. Kanga ilikuwa imemgandia mapajani. Kigoda kiling'aa, na kutoka chini yake kijito chembamba kilikuwa kinateremka barazani kwenye saruji, kikielekea miguuni pa mwanawe.

"Mbwa amefungwa tangu alfajiri," alisema, kwa Kiswahili chake cha kanisani, taratibu, ili Urbani naye asikie. "Hii ni ya nani?"

 Urbani alivua kofia. Akasema, "Shikamoo, Mama," ingawa alikuwa amekwisha kumsalimu, akaikunja kamba yake na kushika njia.  Egidi akaenda kumfungua mbwa, na alipomaliza akaanza kuigeuza kahawa niliyokwisha kuigeuza.

Nilichemsha maji. Nilimshika Mama mkono mpaka bafuni kwetu, uzio wa mabua nyuma ya nyumba, nikamkalisha juu ya jiwe. Nilisubiri anifukuze. Akafungua kanga mwenyewe, akainyoosha pembeni, akanipa mgongo. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Niliumwagia maji kwa kikombe, nikausugua, kisha mkono mmoja, na machozi yakanitoka bila kelele.

"Umechoka," alisema.

Mkwe hujibu hapana, Mama, sijachoka. Ndivyo tulivyofundwa.

"Nimechoka sana, Mama."

"Hata mimi," alisema, akaninyooshea mkono wa pili.