Kiatu cha Kushoto

Ukutani pa gereji pana ubao wenye misumari miwili. Ufunguo ukitundikwa msumari wa juu, gari hilo hujaribiwa barabarani na Baba Mkubwa. Ukitundikwa wa chini, ni la Baba Mdogo. Asubuhi hiyo nilimkuta Baba Mdogo na koleo mkononi, anaupima msumari wa juu kwa jicho.

"Kaka hasikii hata honi," aliniambia. "Fundi wa giaboksi asiyesikia ni mpishi asiye na ulimi. Namwachia gari moja la mwisho. Akikosea, akakae stoo apange boliti."

Baba Mkubwa alikuwa nyuma yake na kikombe cha chai. Maneno hayakumfikia, ila koleo aliliona.

"Ngoja nimalize chai," alisema, "ndipo unizike."

Gari lenyewe lilikuwa la mkunga, zee lakini safi, la otomatiki, lenye gia nne. Ya nne ni ya barabara ndefu: injini inazunguka polepole kuliko shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Tatizo lilikuwa moja. Kila akitoka barabara kuu na kusimama kwenye makutano, injini ilitetemeka na kuzimika.

"Na mtoto hasubiri gari liwake, mafundi," alisema mkunga.

"Konveta imekufa," Baba Mdogo alijibu. "Tunashusha giaboksi."

Konveta ni chungu cha chuma kilichozibwa, kati ya injini na giaboksi. Ndani mna feni mbili zinazotazamana katika mafuta. Injini huzungusha ya kwanza, na mafuta inayoyarusha huzungusha ya pili. Ndiyo sababu gari linaweza kusimama huku injini inanguruma: mafuta yanateleza. Ila utelezi huo, safarini, hula petroli na kuchemsha mafuta. Waliobuni giaboksi hizi wakaongeza bamba moja la klachi humo humo ndani. Gari likishika kasi katika gia ya nne, valvu ndogo ya umeme hugeuza njia ya mafuta, bamba likabanwa kwenye ukuta wa chungu, na injini na giaboksi vikazunguka kama kitu kimoja. Ukigusa breki, swichi ya kwenye pedali hukata umeme na bamba huachia. Lisipoachia, magurudumu yakisimama husimama na injini.

Sijui mashine nyingine inayopata faida kubwa hivyo kwa bamba moja.

Mimi nafundisha chuo cha ufundi. Niliitwa nije na mita ya kupima mizunguko ya injini, niwe mwamuzi.

Barabarani Baba Mkubwa alivua kiatu cha kushoto, akakanyaga sakafu kwa unyayo mtupu, apate mtetemo wake. Mimi nilikaa kando yake, Baba Mdogo nyuma.

"Ya pili," alisema. "Ya tatu. Ya nne." Akakaza unyayo sakafuni. "Imeshika."

Mita ilishuka kutoka 2,050 hadi 1,850. Alikuwa ameshasema kabla tarakimu hazijatulia. Nilikuja tayari kumkosoa; sikupata nafasi.

Kisha akainua ule mguu mtupu na kugusa breki kidogo tu, gari lisipungue mwendo.

"Taa za nyuma zinawaka?"

"Zinawaka!" Baba Mdogo alimpigia kelele. "Nilizitengeneza mwenyewe mwezi jana!"

Mita ilipaswa kurudi 2,050. Ilibaki palepale.

"Haikuachia," alisema Baba Mkubwa, bila kuitazama.

"Si nilisema? Konveta!"

Tuliposimama kando ya barabara, injini ilizimika. Baba Mkubwa aliingia uvunguni, akachomoa soketi ya waya unaoingia kwenye giaboksi, tukaondoka tena. Safari hii mita haikushuka chini ya 2,050 katika gia ya nne. Tukasimama. Injini iliendelea kuunguruma kama paka aliyeshiba.

Hoja ilikuwa imekwisha. Bamba lilikuwa zima. Likikosa umeme, liliachia. Kwa hiyo kosa lilikuwa pale umeme ulipotakiwa kukatwa.

Baba Mkubwa alijipinda chini ya usukani na tochi. Swichi ya pedali ilikuwa mpya, ya waya mbili, za taa tu. Waya mbili za giaboksi zilikuwa zimesokotwa pamoja na kufungwa mkanda mweusi, kwa hiyo breki haikuweza kukata chochote.

"Mkanda huu wa nani?"

"Swichi ya waya nne ilikosekana," Baba Mdogo alinong'ona. "Ni mimi."

"Nani?"

"Mimi."

"Nani?"

"NI MIMI, KAKA!"

Watu waliokuwa ng'ambo ya barabara waligeuka. Sina ushahidi kwamba Baba Mkubwa hakusikia mara ya kwanza.

Kesho yake swichi ya waya nne ilipatikana kwenye gari bovu. Breki ilipoguswa, mita ilipanda kutoka 1,850 hadi 2,050. Mkunga alisimama kwenye makutano mara tatu, na injini haikuzima hata mara moja.

Tuliporudi, Baba Mdogo alirudisha koleo kwenye sanduku la vifaa. Ufunguo wa gari lililofuata aliutundika msumari wa juu. Kisha akavua kiatu chake cha kushoto, akatangulia kwenda kukaa kiti cha abiria.